Mjusi Aliyetoboa Paa

Mama hajawahi kusema "modeli". Kwake ile ilikuwa "kinyumba", na akikasirika ikawa "maboksi yako hayo". Siku nne nzima sebule yake ilikuwa yangu. Cherehani ilisukumwa mpaka mlangoni, na watoto waliokuja kupimwa sare za shule wakapimiwa barazani, mikono juu kama waliokamatwa.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa usanifu majengo, chuo kimoja cha Dar. Mradi wa muhula ule ulikuwa kusanifu makumbusho ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kwenye kilima cha huku kwetu akapelekwa Ujerumani, yajengwe hapa hapa Lindi, kama siku moja Wajerumani watalainika wamrudishe. Darasa zima lingekuja na basi la chuo kuona Tendaguru, halafu kesho yake kila mtu aonyeshe michoro na modeli yake mbele ya walimu na wazee wa mji. Mimi mwenyeji nikatangulia wiki nzima, na maneno mengi mdomoni. Wenzangu niliwaambia kabisa: nyie njooni mjifunze.

Shangazi yangu wa Dar alipopiga simu, Mama akamwambia kwa fahari, "Mtoto anajenga Makumbusho."

"Makumbusho? Amepata kiwanja?" Shangazi akapiga yowe, maana Dar Makumbusho ni mtaa. "Wifi, pale karibu na stendi kiwanja si mchezo! Hela kaitoa wapi huyu?"

Mpaka leo kuna ndugu zangu wawili wananikopa kwa ajili ya simu ile.

Sasa mjusi mwenyewe. Kila mtoto wa Lindi anamjua kwa kumsikia. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na watu kwa miguu mpaka bandarini hapa Lindi, siku kama 4 njiani, ikapanda meli. Mwaka 1937 akasimamishwa Berlin, na bado yuko pale: urefu wa mita 13.27 kutoka chini mpaka utosini. Wataalamu siku hizi wanamwita Giraffatitan, sisi tunamwita mjusi, na yeye kwa miaka yake milioni 150 sidhani kama anajali.

Mita 13.27 hiyo niliikariri kama namba ya simu. Nilichora ukumbi wa mita 60 kwa 50, paa likiwa mita 18 juu, ili mjusi apate nafasi ya kupumua. Michoro yote nikaipanga kwenye karatasi za A1, skeli moja kwa mia, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya jengo, kila mstari mahali pake. Nilikuwa mtu wa vipimo. Darasani nilishawahi kumcheka mwenzangu aliyekosea milimita mbili.

Tatizo ni kuichapa. Nikaenda na flashi yangu kwenye duka moja la steshenari mjini. Kijana wa pale akafungua faili, akaangalia skrini, akaniangalia mimi.

"Hii karatasi yako kubwa, bro. Sisi mwisho wetu A3."

"Sasa?"

"Naibana. Kitu kitatoka vile vile, hakuna kitakachokatika."

Akabofya, mashine ikanguruma, karatasi zikatoka. Nikakagua: kuta zipo, ngazi zipo, milango ipo, na pembeni maandishi yangu safi kabisa, SKELI 1:100. Nikalipa, nikamshukuru, nikaondoka. Yule kijana hana kosa lolote. Alisema anaibana, akaibana.

Nyumbani nikaanza kazi. Maboksi niliyaokota madukani. Wasiojua niwape siri: ukilibandua boksi ngozi moja taratibu, ndani unakuta migongo midogo midogo, bati la mgongo tupu. Miti nikatengeneza kwa dodoki lililotiwa rangi ya kijani. Mchanga wa ufukweni nikauchekecha kwa chekecheo la Mama la unga, jambo ambalo bado hajaliulizia na mimi sijalisema. Kila kipimo nilikichukua moja kwa moja kwenye zile karatasi, rula juu ya mstari, nakata. Hata vijitu vya kusimama ukumbini nilivikata kwa kuvifuatisha pale pale. Nilishangaa kidogo kwamba makumbusho yote yametosha kwenye kipande kimoja cha plaiwudi, maana kichwani niliyategemea makubwa zaidi. Nikasema Mungu akitaka kukusaidia hakuandikii barua.

Mjusi nikampa mdogo wangu, wa kidato cha pili, mwenye mikono mizuri na uvivu wa kutisha.

"Kaka, ana urefu gani?"

"Mita 13 na sentimita 27."

"Na skeli?"

"Moja kwa mia. Na usisahau, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma."

"Kama fisi?"

"Kama fisi mwenye shingo ya twiga."

Akaenda kukaa chini ya mkorosho, akafikiri, akarudi na wazo ambalo hata chuoni lisingemjia mtu: mifupa ya samaki.

Basi tukala vibua siku tatu mfululizo. Vibua vya kukaanga, vibua vya nazi, vibua na ming'oko asubuhi. Na si kula kwa raha. Dogo alikaa kichwani mwa sinia kama mwamuzi. Marufuku kutafuna mwiba. Marufuku kuvunja uti wa mgongo. Baba, ambaye kwake samaki bila kunyonya kichwa si samaki, alipokonywa kichwa mkononi. "Samahani Baba, hicho ni nyonga." Baba akaniangalia mimi, si yeye, na macho yake yalikuwa yanapiga hesabu ya ada yote aliyolipa tangu chekechea.

Miba ikachemshwa kwa maji ya majivu, ikaanikwa juu ya ungo. Kunguru akapita na paja la kulia la nyuma, tukaziba pengo kwa kijiti cha meno. Paka wa jirani alihamia kwetu kabisa, akawa analala chini ya ungo kama mlinzi wa benki. Mimi hofu yangu yote ilikuwa kwa paka. Nilimfungia nje, nikaweka matofali dirishani, usiku naamka mara tatu kumulika. Paka hakufanya kitu. Namwomba radhi hapa, paka yule hakuwa adui yangu.

Adui alitokea usiku wa mwisho, saa nne hivi. Dogo akamleta mjusi kwenye sahani, na kwa kweli nilinyamaza. Shingo ilikuwa uti wa kibua uliokunjwa taratibu, mbavu nyembamba zimepangana, kichwa cha dagaa mmoja, kidogo, kinatazama juu kwa dharau. Nikamchukua kwa vidole viwili nikamwingiza ukumbini.

Hakuingia. Nikafungua paa, nikamsimamisha sakafuni, nikarudisha paa. Paa likakaa juu ya kichwa chake kama kofia ya mkopo.

Nikapima ukuta: sentimita 9. Nikampima mjusi: sentimita 13 na kitu.

"Umekosea skeli," nikamwambia Dogo.

"Sijakosea."

"Nani msanifu hapa? Unaijua skeli wewe? Skeli ni nidhamu!" Nikampa mhadhara wa robo saa juu ya uwiano na heshima ya kipimo. Mama akafungua mlango wa chumbani akasema watu wanalala. Nikashusha sauti nikaendelea na mhadhara.

"Kata shingo," nikamaliza.

"Shingo hii imekula vibua wanane," akajibu. "Kata paa lako."

Na sijui ni usingizi au supagluu, maana kidole changu cha shahada kilikuwa kimegandia kwenye dodoki tangu magharibi, lakini nikaliona wazo hilo kuwa la kisomi. Nikachukua kisu, nikatoboa paa. Shingo ikapita, kichwa cha dagaa kikatokeza nje. Nikageuza jengo kidogo ili kitazame upande wa Tendaguru. Nikachukua peni, nikaandika kwenye mchoro: PAA LILILOFUNGUKA. MJUSI ANATAZAMA NYUMBANI. Nikalala kama mfalme.

Kesho yake tukaenda na bajaji kutoka Mtanda mpaka mjini, makumbusho mapajani kwangu, Dogo kamshika mjusi shingo kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ukumbi umejaa. Wenzangu wamesafiri na modeli zao kutoka Dar, nusu zimepondeka njiani. Yangu nzima. Nikaamkia wazee, "Shikamooni," nikaanza.

Nilisema vizuri, nisijinyime sifa. Nikaeleza upepo wa bahari, kivuli, njia ya wageni. Nilipofika kwenye tundu la paa sauti ikatetemeka yenyewe: "Mnyama huyu alichukuliwa bila kuaga. Hapa anainua kichwa kutafuta kwao." Bibi mmoja wa mbele akafuta jicho kwa ncha ya kanga. Nikamwona mwalimu wangu naye kainuka. Nikajua kwisha kazi, hii ni A.

Mwalimu akatoa mfukoni rula yake ya pembe tatu. Akainama. Hakumgusa mjusi. Akaiweka kwenye mlango mkuu.

"Skeli yako?"

"Moja kwa mia, mwalimu."

"Basi mlango wako una mita moja na sentimita tano." Akainua miwani. "Watu wa Lindi wataingiaje kwenye makumbusho yao? Kwa kutambaa?"

Kabla sijapata jibu, mzee mmoja wa kofia ya kiua akasema kutoka nyuma, kwa upole kabisa, "Si ndiyo maana ikaitwa nyumba ya mjusi."

Ukumbi ukaanguka. Yule bibi wa kanga sasa alikuwa anafuta machozi mengine kabisa.

Mwalimu hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akapima kijitu cha ukumbini: kwa skeli hiyo, mtu mzima ana sentimita 85. Akapima kiti cha mlinzi. Halafu akachukua mchoro wangu, akaupapasa pembe mbili.

"Uliuchora kwenye A ngapi?"

"A1."

"Na hii ni?"

Nikaangalia karatasi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza niliiangalia kweli. A3 ni nusu ya A1 kila upande. Kila mstari wangu ulikuwa umekatwa nusu, na maandishi ya SKELI 1:100 yalikuwa yanasema uongo tangu steshenari. Siku nne nilikuwa najenga kwa moja kwa mia mbili, kwa umakini mkubwa, bila kukosea hata milimita moja.

"Katika meza hii," mwalimu akawaambia wote, "kuna kitu kimoja tu kilicho kwenye skeli iliyoandikwa." Akamnyanyua mjusi, akampima kutoka mguuni mpaka kwenye dagaa. "Sentimita 13.3. Huyu kamtengeneza nani?"

Dogo alikuwa mlangoni na mfuko wa maandazi.

"Ulipimaje?"

"Kwa futi ya Mama ya cherehani. Alisema moja kwa mia, nikagawa kwa mia." Akanitazama, akaongeza kwa sauti ya kawaida tu, "Skeli ni nidhamu."

Nilitaka lile tundu la paa liwe kubwa zaidi nipite.

Mzee wa kofia akaomba nafasi. Akasema yeye tangu utoto amesikia habari za mizigo ya mifupa ile, jinsi wazee walivyotembea nayo kutoka Tendaguru, mfupa mmoja vipande vipande, na njaa njiani. "Mjusi huyu shida yake siku zote ilikuwa usafiri," akasema. "Leo usafiri umepatikana, amekuja na bajaji, mnamwambia nyumba haimtoshi." Akakaa. Walimu wakaandika kitu kwenye karatasi zao, sikuona ni nini, lakini mmoja mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nilipata C. Mwalimu aliongeza maelezo chini kwa kalamu nyekundu: kasoro nyingine ndogo, paja la kulia la nyuma la mjusi ni kijiti cha meno, lirekebishwe. Mjusi mwenyewe akaombwa na chuo, yuko kwenye kabati la kioo karibu na ofisi, na kikaratasi chenye jina la Dogo. Langu halipo.

Makumbusho yalibaki Lindi. Niliyaacha uani nikasema nitayachoma nikirudi. Likizo iliyofuata nikayakuta mahali pale pale: kuku wa Mama mwekundu ameingia ukumbi mkuu, amekalia mayai saba, na kichwa amekitoa kupitia tundu la paa, anatazama upande wa Tendaguru. Nikamsogelea, akanikodolea jicho moja. Nikatoa rula. Sentimita 40 akisimama, na jengo ni moja kwa mia mbili.

Mita 80. Wajerumani wasisikie.