Milango Mitatu Ingetosha

Jamani, mimi si mtu wa malumbano, na wote ninaokaa nao sebuleni wanalijua hilo, ingawa wao hulieleza kwa namna nyingine. Hata hivyo, kuna jambo moja linaloninyima usingizi, nalo ni hili: mtu mwenye akili timamu anakabidhiwa kichekesho kilichodumu kwa maonyesho 964 mbele ya watazamaji wa New York, kisha anapata wapi ujasiri wa kukinyang'anya milango yake?

Ninaizungumzia A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, tamthilia ya muziki iliyozinduliwa Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho wa New York, mwezi wa Mei 1962, pamoja na filamu iliyotokana nayo mwaka 1966 chini ya mwongozaji Richard Lester. Habari yenyewe ni ya Roma ya kale, na inatendeka kwa siku moja, katika barabara moja yenye nyumba tatu. Nyumba moja ni ya mzee Senex, anayemwogopa mkewe kuliko anavyoiogopa miungu. Nyingine ni ya Lycus, ambaye biashara yake ni wasichana na ambaye hana haya ya kuitangaza. Ya tatu ni ya Erronius, kikongwe mwenye macho mabovu aliyeifunga nyumba yake akaenda kuwatafuta watoto wake walioibwa na maharamia. Mtumwa Pseudolus anautaka uhuru wake, na bwana mdogo wake, Hero, mwana wa Senex, anamtaka Philia, binti aliyeletwa kutoka Krete, ambaye kwa bahati mbaya Lycus amekwisha kumuuza kwa jemadari mmoja mwenye majivuno. Mtumwa akimpatia kijana binti, atapewa uhuru. Na kwa kuwa hana fedha wala cheo, mtaji wake pekee ni uongo, ambao kila ukisemwa mmoja hudai kusemewa wa pili ili ule wa kwanza usife.

Sasa tazama kazi ya milango. Senex, aliyedhaniwa yuko safarini na mkewe, anarudi mapema bila kutarajiwa, na binti, ambaye hajawahi kumwona jemadari, anadhani huyu mzee ndiye aliyemnunua, hivyo anajitoa kwake kwa utiifu wote, huku mzee akidhani kwamba hatimaye mbingu zimemkumbuka. Pseudolus anambandika binti jina la kijakazi mpya. Mwana yumo nyumba hii, baba anasukumwa nyumba ile, mwenye nyumba ile naye ndiye huyo anayetokea barabarani na mizigo yake. Anayetoka mlango mmoja hajui aliyeingia mwingine, bali sisi tuliokaa tunajua, na kicheko chetu chote kimejengwa juu ya kujua huko. Ukitaka kulielewa jambo hili, mfikirie mtu anayedaiwa ambaye mdai wake amekwisha piga hodi: kama nyumba ina mlango mmoja tu, hapo pana kichekesho, lakini kama ana mlango wa nyuma na uwanja mpana, hicho si kichekesho tena, ni mtu anayekwenda zake matembezi.

Na haya si mageni. Plautus, mwandishi wa Kirumi ambaye tamthilia zake ndizo Burt Shevelove na Larry Gelbart, walioiandika hadithi ya kichekesho hiki, walizochota vituko vyao, aliandika Pseudolus yake ikaonyeshwa mwaka 191 K.K., wakati Roma haikuwa hata na ukumbi wa kudumu wa maonyesho uliojengwa kwa mawe. Wa kwanza ulikuja mwaka 55 K.K., naye alikuwa marehemu wa siku nyingi. Yeye alichezeshewa juu ya majukwaa ya mbao yaliyosimamishwa kwa ajili ya sikukuu na kubomolewa baadaye, nyuma yake pakiwa na milango isiyozidi mitatu na mbele yake barabara. Hata mandhari yake kwa kawaida ilikuwa miji ya Wagiriki, waigizaji wakiwa wamevishwa mavazi ya Kigiriki, ili Mrumi acheke bila kulazimika kukiri kwamba anachekwa. Kwa mbao hizo chache mtu huyo ameishi katika vinywa vya watu zaidi ya miaka elfu mbili. Mabwana wa filamu wao walihitaji Hispania.

Ndiyo, Hispania. Walikwenda kupiga picha karibu na Madrid, wakiwa na Nicolas Roeg kwenye kamera, na wakatutengenezea Roma nzima: soko, punda, matope, mboga, watumwa wanaotwishwa mizigo pembeni bila yeyote kuwajali, na nzi, ambao wamependwa kiasi kwamba mwishoni Richard Williams aliwachora wakitambaa juu ya majina ya wahusika. Nikiri jambo kwa haki yake: Roma hiyo chafu ni ya kweli kuliko ile ya marumaru nyeupe tuliyozoea kuonyeshwa, ambako hata mfungwa anayesubiri kuliwa na simba ana nguo iliyopigwa pasi. Ukimtazama yule mtumwa wa pembeni, unaelewa kwa nini Pseudolus yuko tayari kudanganya mpaka mizimu. Hilo nimelipenda. Lakini mimi sikuketi hapo kuchunguza usafi wa mji. Niliketi kucheka, na kila mara ninapokaribia kucheka, picha imekwisha katwa na tumehamishiwa mahali pengine, kwa sababu Lester alikuwa ametoka kutengeneza filamu mbili za vijana wanne wa Liverpool, yaani wanamuziki wa Beatles, na mkono wake wa kukatakata ulikuwa bado haujapoa.

Chukua jeshi la jemadari. Jukwaani, wanaume watatu tu wanaoitwa Proteans hubeba kazi yote ya kuwa umati: mara ni watumwa, mara ni askari, mara ni matowashi, wakikimbia nyuma ya pazia kubadili kofia na kurudi wakihema. Jemadari anapojitapa kwa majeshi yake, nasi tunaona watu walewale watatu, hapo kujitapa kunakuwa na ladha. Katika filamu jemadari anajitapa, halafu anakuja kweli na askari. Sasa nimcheke nini? Ana askari!

Ama Erronius, huyo moyo wangu umegawanyika juu yake. Ili asiingie nyumbani mwake na kukuta yanayotendeka humo, anaambiwa nyumba ina mzimu, na kwamba dawa yake ni kuizunguka milima saba ya Roma mara saba. Jukwaani ni kituko cha subira: mambo yamepamba moto, kila mtu ana kisu shingoni, mara kikongwe anapita polepole kutoka upande huu hadi ule, anatangaza kwamba ndiyo kwanza amemaliza mzunguko mmoja, anatoweka. Kamera, ambayo haiwezi kumwacha mtu atoweke kwa amani, ikamfuata milimani. Hata hivyo waliyempa kazi hiyo ni Buster Keaton, mfalme wa filamu zisizo na sauti, mgonjwa tayari, aliyefariki Februari 1966 kabla filamu haijaonyeshwa, na kumwona akikatiza mashambani kwa uso uleule usiotikisika ni jambo ambalo jukwaa lisingeweza kulinipa. Kwa hiyo hapo nanyamaza, ila shemeji yangu asidhani kwamba nimeshindwa.

Maana shemeji yangu ndiye mtetezi mkuu wa filamu hii. Nikimlalamikia kuhusu nyimbo, anasema nyimbo katika kichekesho cha mbio ni mapumziko tu, kwamba mtunzi mwenyewe, Stephen Sondheim, alizitunga hivyo, na kwamba filamu haihitaji kupumzika. Mimi ninamjibu kwamba anayehitaji kupumzika ni mimi. Wamekata “Free”, ambamo mtumwa anauonja uhuru kabla hajaupata, yaani sababu yote ya yeye kuhangaika. Wamekata “Pretty Little Picture”, wamekata “Impossible”, ambamo baba na mwana kila mmoja anamshuku mwenzake kwa binti yuleyule. Na kilichonichoma zaidi ni “I'm Calm”, wimbo wa mtumwa Hysterium anayejiaminisha kwamba ametulia ilhali magoti yanagongana. Jack Gilford aliyeuimba Broadway wamemchukua, wamempandisha ndege, wamemvisha, wamemweka mbele ya kamera, halafu wakamnyima wimbo wake! Zero Mostel, Pseudolus wa jukwaani, naye walimleta, wakampa nafasi ya kuimba kidogo zaidi, lakini naye wimbo wake wa uhuru ulibaki New York. Kisha, sikilizeni, Ken Thorne akapewa Oscar kwa kuupanga upya muziki wa filamu hiyo. Tuzo ya muziki, kwa filamu iliyoupunguza muziki. Sina ugomvi na Thorne. Ninataka tu anayegawa tuzo anieleze.

Waliouacha salama ni “Comedy Tonight”, na hapo angalau walikuwa na akili. Wimbo huo haukuwapo mwanzoni. Wakati wa majaribio mjini Washington watazamaji walikaa kama wako msibani, mpaka mwongozaji Jerome Robbins alipoitwa akasema kwamba wimbo wa kufungulia ulikuwa wa upole mno na haukuwaambia watu wamekuja kuona kitu gani. Sondheim akatunga mwingine unaotangaza wazi kwamba hapa ni vichekesho, na hadithi ileile, milango ileile, ikaanza kuchekesha. Somo hilo liko wazi kabisa, nao wakalibeba hadi Hispania, wakaliweka mwanzoni mwa filamu, na walipolimaliza wakaendelea kana kwamba hawakulisikia, wakatufikisha kwenye mbio za magari ya farasi mashambani, ambako hakuna mlango hata mmoja wa kujificha nyuma yake.

Ndiyo maana nimewaandalia ushauri wale watakaothubutu kuitengeneza upya. Wajenge barabara moja. Waweke nyumba tatu zenye milango inayobamizika. Proteans wawe watatu, wala asiongezwe wa nne hata kama ni mpwa wa mtayarishaji. Kamera waisimamishe mahali alipo mtazamaji na waifunge hapo kwa kamba, na yeyote atakayeifungua apelekwe kuizunguka milima saba. Shemeji akauliza kama hiyo si sawa na kwenda kukaa ukumbini, na kama ni sawa, filamu ya nini. Nikamweleza kwamba tofauti ni kubwa, kwa kuwa ukumbini mtu akitoa maoni yake huambiwa anyamaze, lakini hapa ni nyumbani kwangu.

Mama watoto akaniambia ninyamaze, anatazama Keaton.