Pimeni Maji Kwanza, Leseni Baadaye

Kutoka mlangoni kwa shangazi yangu hadi bikoni ya kwanza ya kile kiwanja kinachotakiwa kuwa dampo la kaunti ni hatua 312. Nimezihesabu mara mbili, kwenda na kurudi. Katikati ya hatua hizo kuna kisima. Kamba yake imekwaruza mifereji kwenye ukingo wa saruji, kwa jinsi kinavyotekwa tangu mimi sijazaliwa. Lakini kwenye ramani iliyo ndani ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kisima hicho hakipo. Barabara ipo, shule ipo, hata kijito kinachopata maji masika tu kipo.

Niliuliza barazani. Mtaalamu aliyeiandika ripoti alijibu kwa upole kwamba visima visivyosajiliwa havikuhesabiwa. Ripoti yenyewe ililetwa siku ileile, nakala moja, kwa Kiingereza, ikawekwa mezani mbele ya chifu. Mzee mmoja wa jirani aliifungua, akaitazama kidogo, akaifunga. Kilichozunguka mikononi mwa watu ni karatasi ya mahudhurio, nasi tukatia sahihi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba jina la mtu aliyekuja kusikiliza linaweza kuhesabiwa kama jina la mtu aliyekubali.

Sipingi dampo. Taka za mjini ni zetu pia, na leo zinachomwa kando ya barabara, moshi wake ukiingia madarasani. Pahali lazima papatikane. Ninachopinga ni leseni kutolewa kabla maji yetu hayajapimwa.

Mvua ikinyesha juu ya lundo la taka, maji hupenya hadi chini, na yanapotokea huwa meusi, yamebeba uozo wa vyakula pamoja na sumu za betri na makopo ya dawa. Dampo lililojengwa vizuri hutandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na plastiki nzito, kisha mabomba ya kuyakusanya maji hayo yasiingie ardhini. Bila hivyo ni shimo tu. Na hata vikiwapo vyote, tutajuaje kwamba linavuja? Bila rekodi ya maji yalivyokuwa kabla ya lori la kwanza, siku tukilalamika tutaambiwa yalikuwa hivyo tangu zamani, na hatutakuwa na la kujibu.

Sheria si adui yetu katika hili. Kanuni za mwaka 2003, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinamtaka mwenye mradi aitishe mikutano isiyopungua 3 na watu watakaoguswa. Sisi tumeitiwa mmoja. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika. Na Juni 2019, Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ambayo NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilikuwa imeutolea mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu waliuliza maswali kama haya yetu, wakashinda.

Ila leseni njema bila wa kuisimamia haitusaidii. Mtaalamu anayeandika ripoti analipwa na mwenye mradi. Mkaguzi akija, huja mchana, na lori zinaweza kumwaga usiku. Dandora, dampo la Nairobi, ilitangazwa kuwa imejaa mwaka 2001, na lori bado zinaingia. Kiteezi, dampo lililo nje ya Kampala, iliendelea kupokea taka miaka mingi baada ya kujaa, hadi Agosti 2024 mlima ule ulipoporomoka usiku wa mvua ukafukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Ninapowafikiria, nataka leseni ya dampo letu itaje kwa maandishi kimo cha mwisho cha taka, mwaka wa kufunga na fungu la fedha za kufungia, na matokeo ya vipimo vya maji yabandikwe kwa chifu kila baada ya miezi 3, kwa Kiswahili.

Jumapili iliyopita tulichanga, tukateka maji katika visima 3, tukaandika tarehe na saa kwenye kila chupa, na kijana wa bodaboda akazipeleka maabara ndani ya kasha la barafu. Barua ya kudai mikutano 2 iliyobaki imekwenda pamoja na ramani tuliyoichora upya. Leseni ikitoka kabla hatujajibiwa, tuna siku 60 za kukata rufaa, na wakili tumeshampata. Shangazi ameniuliza majibu ya maji yatatoka lini. Nimemwambia ni wiki mbili. Akanyamaza, kisha akaenda kukifunika kisima kwa bati.