Hesabu Mpaka Thelathini, Mzee

Leo alfajiri, kabla sijatia maji usoni, simu imelia mlio wa ujumbe. Nikaruka. Kwa umri wangu, ujumbe wa alfajiri ni msiba tu, hakuna kingine. Nikapapasa miwani, moyo unadunda, nikasoma: "Mpendwa mteja, kwa kipimo cha 0 hadi 10, una uwezekano gani wa kuipendekeza huduma yetu kwa ndugu au rafiki?"

Sasa hawa ni wale wa intaneti, wale wa zamani. Wale niliowahama. Wale ambao wiki sita nzima nimekuwa nikiwapigia kuwaambia nahama, nimehama, nilishahama, mimi na nyinyi basi. Na wameutuma kwenye namba ambayo juzi tu waliniambia kwa kinywa chao kwamba "haisomi kwenye mfumo". Kwenye kudai haisomi. Kwenye kuulizwa alama, inasoma hadi alfajiri.

Mimi si mtu wa ugomvi. Nimeishi na intaneti yao ya kusuasua miaka minne bila kufungua mdomo. Lile duara linazunguka, sisi tunalitazama kama familia, mpaka mtoto wa mwisho akadhani duara ndiyo katuni yenyewe na akawa na sehemu anazozipenda. Nilivumilia. Kilichonitoa ni tangazo la kampuni nyingine: kasi "hadi 100".

Nisimame hapo kwenye "hadi". Mimi pia naweza kukimbia hadi kilomita mia. Nikiishia kwenye kona nimeshika kiuno, ahadi yangu iko palepale, sijamdanganya mtu. Na hiyo mia yenyewe ni megabiti, siyo megabaiti unazoziona faili likishuka. Baiti moja ni biti nane, basi gawanya kwa nane. Mia yako imeshakuwa kumi na mbili na nusu na bado hujatia saini.

Nikatia. Dakika tatu, kidole kimoja. Kujiunga na hawa watu ni kama kuteleza kwenye ganda la ndizi: huhitaji ujuzi. Kutoka sasa. Nimefungua programu ya wale wa zamani, nimezunguka humo ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kitufe cha kulipa kipo. Cha kuongeza kifurushi kipo, tena kinapepesa. Cha kumwalika rafiki kipo sehemu tatu. Cha kuondoka hakuna. Kuna "wasiliana nasi".

Shemeji, ambaye anajua kila kitu isipokuwa namba yake ya siri, akashauri: "Kata laini zote kwanza, kisha ndiyo uhame." Bahati sikumsikiliza. Namba inahamishwa ikiwa hai. Ukishaikata umeizika, na hakuna mtandao unaopokea maiti. Basi nikaomba kuhama na namba ya mkononi, na siku hiyohiyo nikashika simu ya mezani niwaage wale wa intaneti. Mnaona mpango ulivyokuwa mzuri.

Dakika arobaini za muziki. Wimbo una sauti sita, nazijua zote, ya nne haijakaa sawa. Kila ukikatika kidogo nakaa wima, nakohoa, naweka sauti ya mtu mwenye madai. Kumbe ni yule mama wa kwenye kanda, amekuja kunikumbusha kwamba simu yangu ni muhimu kwao.

Hatimaye akapokea dada mmoja, sauti ya mtu aliyepata usingizi wa saa nane nzima.

"Karibu mteja wetu, nikusaidie nini?"

"Dada, nataka kuhama."

"Pole sana mzee wangu. Sababu?"

"Intaneti inatambaa."

"Sawa. Kabla sijakuunganisha na kitengo cha wanaohama, utaratibu unanitaka nijiridhishe kwamba kifaa hakina tatizo. Naomba uchomoe rauta kwenye umeme, uhesabu mpaka thelathini, kisha uirudishe."

Mimi nimelelewa. Nikachomoa. Nikaanza kuhesabu, simu sikioni, nikisikiliza ule ukimya wa adabu wa upande wa pili. Nilipofika kumi na saba ndipo akili ikarudi. Simu yangu ya mezani, kama nyingi za siku hizi, haina njia yake ya kwenda nje. Imechomekwa kwenye mgongo wa rauta, sauti inapita humohumo kwenye intaneti. Nimemzima dada wa watu kwa mkono wangu.

Nikawasha, nikasubiri taa, nikapiga. Muziki. Sauti ya nne bado haijakaa sawa. Akapokea kijana. Nikamweleza yote, taratibu, kama ninayemwelekeza mtu njia. Akasema, "Naelewa kabisa mzee. Naelewa kabisa hali unayopitia." Nikashukuru Mungu. Akavuta pumzi, akasema, "Sasa naomba uchomoe rauta kwenye umeme, uhesabu mpaka..."

"Mwanangu," nikasema, "nikichomoa hii rauta, wewe umekufa."

Kimya.

"Mzee, nakukumbusha kwamba mazungumzo haya yanarekodiwa."

"Sijasema nakuua! Nasema mimi nikichomoa, wewe huko..."

Akanihamishia kwa msimamizi, na msimamizi akanihamishia kwenye muziki. Wakati huo mama watoto ametokea mlangoni na kikapu cha nguo, anauliza namuua nani.

Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, sauti ya mwalimu. Nikaamua: huyu simwelezi kitu. Huyu nitamdanganya. Na mimi, katika maisha yangu, nimewahi kuwadanganya walimu wawili tu na wote walijua.

"Chomoa rauta, mzee."

"Nimechomoa." Rauta iko mbele yangu, taa zote kijani, inanitazama kama shahidi.

"Hesabu mpaka thelathini."

Nikahesabu kwa sauti. Mtu mzima, baba wa watoto, kichwa kina mvi, nimesimama sebuleni namhesabia mtu nisiyemjua, na watoto wamejipanga kwenye kochi wananisikiliza. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na nne...

"Umeruka kumi na tatu."

"Samahani mwalimu." Nimemwita mwalimu. Imetoka yenyewe.

"Anza upya."

Nikaanza upya. Kwenye ishirini watoto wakawa wananiitikia. Nikamaliza. "Nimeirudisha," nikasema. "Taa zote zinawaka."

"Mara hii? Huwa inachukua kama dakika mbili."

"Eeh... basi zimezima tena. Zinawaka moja moja." Tukakaa kimya wote wawili, tunazisubiri taa ambazo hazikuwahi kuzima. Dakika mbili kwenye simu na mtu unayemdanganya ni ndefu kuliko ujana. Nikamwambia sasa zimetimia. Akauliza kasi ikoje. Nikasema vilevile, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Vizuri," akasema, na nilihisi nimefaulu mtihani. "Tatizo siyo kifaa. Ili nikuunganishe na kitengo cha wanaohama, nimekutumia tarakimu sita za uthibitisho. Naomba unisomee."

"Zimekuja wapi?"

"Kwenye simu yako ya mkononi."

Ya mkononi. Ambayo asubuhi ile imetoka mtandao wa kwanza na haijafika wa pili. Iko njiani. Haina mwenyewe. Nimeishika mkononi, juu kwenye kioo imeandika hakuna huduma, baridi kama jiwe la kunolea.

Hapo sitaki utani. Nyinyi mnaona ni kichekesho, lakini mimi niliketi chini. Nina kazi zangu. Nina mtoto anatakiwa kutuma masomo yake kabla ya saa moja jioni na analia. Nimepoteza siku nzima kuomba ruhusa ya kuacha kununua kitu. Ukiacha kununua viatu, kuna mtu anakuhesabisha? Hawa wanajua wanachofanya. Hakuna kampuni inayoshindwa kutengeneza kitufe. Kile cha kulipa walikitengeneza vizuri sana, hakijawahi kukwama hata siku moja. Wanachotaka uchoke. Na nilichoka. Nilikaribia kumwambia mama yule, basi yaishe, nirudishieni duara langu.

Alexander Graham Bell, tarehe 10 Machi 1876, simu ikiwa bado ni waya kati ya vyumba viwili, alimwambia msaidizi wake: Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona. Na Watson akaja! Simu ya kwanza duniani, na mtu alihudumiwa papo hapo. Mambo yameharibika kuanzia simu ya pili.

Namba ya mkononi ilifika baada ya siku mbili. Ilipofika, tarakimu za uthibitisho zikaingia zote kwa mpigo, seti tano, zote zimeshakufa. Huko Singapore watu wanahama na namba zao tangu 1997, sijui wao walipewa siri gani. Nikaomba seti ya sita. Nikaunganishwa na kitengo cha wanaohama, ambacho kilinibembeleza kama mchumba, kikaniahidi kasi maradufu kwa bei ileile. Kumbe ilikuwepo! Miaka minne ilikuwa wapi? Nikakataa. Wakasema sawa, ila notisi ni siku thelathini. Thelathini tena. Mwezi mzima nimelipa kampuni mbili ili nitumie moja.

Fundi wa kampuni mpya aliahidiwa "kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana". Alifika saa kumi na moja na nusu jioni, nilipoingia kuoga. Akatazama ukuta, akatikisa kichwa, akauliza ile sala yao: "Hii nani alikufungia?" Akafunga vizuri, sina neno. Alipoondoka mama watoto akasogeza kochi kufunika waya. Ule waya ndani ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Ukiukunja kona kali, mwanga unavuja. Kisanduku kikawasha taa nyekundu. Fundi akarudi, akatazama, akatikisa kichwa: "Hili kochi nani aliliweka hapa?" Nikasema mimi. Ndoa ni sadaka.

Kisha vifaa kumi na kimoja, kila kimoja kinataka neno la siri jipya, lenye herufi kubwa, ndogo na alama ambayo kwenye rimoti ya runinga haipo. Printa ilinikatalia mpaka jioni ya siku ya pili. Nilipomaliza ndipo shemeji akasema, "Ungeipa tu waifai mpya jina lilelile la zamani na neno la siri lilelile, vyote vingejiunga vyenyewe." Na ni kweli. Mara moja katika maisha yake amesema kitu sahihi, na amekisema saa hiyo.

Nilidhani yameisha. Lakini chini ya ujumbe wa leo, chini ya ile 0 hadi 10, kuna mstari mwingine wa herufi ndogo: nirudishe rauta yao ndani ya siku kumi na nne "pamoja na adapta yake halisi", la sivyo nitatozwa.

Adapta yake halisi. Kila nyumba ina ile droo. Nimeimwaga yote sakafuni tangu asubuhi. Adapta kumi na tisa, zote nyeusi, hakuna inayokumbuka ilitoka na nani. Nazisoma moja moja na miwani miwili: volti kumi na mbili, volti tano, volti tisa, moja ya mashine ya kunyolea niliyoitupa. Nimekuta funguo mbili za kufuli ambazo hazipo tena. Nimekuta betri ya saa. Na chini kabisa, imejiviringisha kwenye chaja yake ya pini nyembamba, Nokia yangu ya zamani, ile ya vitufe.

Nimeichomeka tu kuona. Imewaka. Mchezo wa nyoka bado upo. Nyoka ameanza mfupi, nimemlisha polepole, kona, kona, amekuwa mrefu nimemwogopa. Mama watoto amepita, akaona adapta zimezagaa, akauliza kama nimeipata.

Nimemwambia subiri kidogo, usinisemeshe, anapita ukutani.