Kabla ya kuongeza sauti, badilisha raba

Ami yangu ni mtu wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Amekua na udi wa Zein l'Abdin na sauti ya Juma Bhalo, na anaposikiliza hataki mtu amzungumzishe. Mwezi uliopita mwanawe alimletea iafoni za waya, zile za kutia ndani ya tundu la sikio. Jioni nikamkuta barazani kwake, Mji wa Kale, Mombasa, kikombe cha kahawa tungu mkononi na uso umekunjamana.

"Masalkheri, ami."

"Masalkheri, mwanangu. Hebu njoo usikize hiki kitu. Udi wote umegeuka nyuki ndani ya mkebe."

Nikazifuta, nikazitia masikioni mwangu. Udi ulikuwa mzima. Nyuzi nene zilinguruma, nyembamba zikalia juu yake, na ngoma ikapiga mahali pake kule nyuma. Nikamrudishia: nyuki. Nikazichukua tena: udi. Iafoni zile zile, simu ile ile, rekodi ile ile. Kilichobadilika ni sikio tu.

Nimekuwa nikilisema hili kwa marafiki kwa miaka, na leo naliandika kwa sababu naona pesa za watu zikitupwa ovyo: iafoni nyingi tunazoziita mbovu si mbovu. Hazijaziba tundu la sikio.

Spika iliyomo ndani ya iafoni ni ndogo mno, haina nguvu ya kutikisa hewa ya chumba. Kazi yake ni kusukuma na kuvuta hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na kiwambo cha sikio, na tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5 tu. Besi yote inategemea kufungiwa huko. Pakiwa na upenyo, hata mwembamba, msukumo unatorokea hapo kama upepo wa pampu ya baiskeli iliyopasuka mpira. Sauti za juu haziathiriki sana na upenyo huo, kwa hivyo ndizo zinazobaki. Ndio hao nyuki wa ami.

Nikaangalia sikio lake la kulia. Raba, yaani kile kifuniko laini cha mdomo wa iafoni kinachoingia sikioni, ilikuwa ya saizi ya kati, ile inayokuja imeshavishwa kutoka kiwandani, na ilikuwa imekaa mlangoni tu. Kifuko cha raba nyingine kilikuwa bado ndani ya boksi, hakijafunguliwa. Nikamvisha kubwa upande wa kulia, kushoto nikaiacha ile ya kati, maana masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani na hakuna sheria inayosema raba zifanane. Halafu nikamwonyesha namna ya kuzitia. Mkono wa kushoto unapita nyuma ya kichwa, unashika sikio la kulia na kulivuta juu kidogo na nyuma. Tundu la sikio lina kona, na ukilivuta hivyo linanyooka. Mdomo unaachwa wazi kidogo. Mkono wa kulia unaingiza iafoni taratibu, huku ukiizungusha kidogo, mpaka ikae bila kushikiliwa. Kisha unaliachia sikio, nalo lenyewe linaikumbatia raba.

Kujua kama imeziba ni rahisi. Zungumza: sauti yako itavuma ndani ya kichwa kama umeziba masikio kwa vidole. Au weka wimbo wenye besi, kisha ibonyeze iafoni kidogo kwa kidole. Besi ikipanda ulipobonyeza, ujue ilikuwa inavuja, ujaribu raba kubwa zaidi. Watu wengi hukimbilia ndogo kwa kuogopa maumivu. Mimi nasema anza na kubwa, ukiona inabana ndipo ushuke. Raba sahihi haiumi, na baada ya dakika chache unaisahau.

Waya nao nampitishia kila mtu juu ya sikio kisha nyuma, kama umbo la iafoni linaruhusu. Hapo waya ukivutwa hauing'oi raba, na ule mkwaruzo wa waya kusugua shati unapungua sana. Mipangilio ya besi kwenye simu usiiguse kabla ya haya yote. Ukiongeza besi kwenye iafoni inayovuja, unamimina maji kwenye pakacha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa. Panda matatu ya Bamburi kwenda mjini asubuhi. Injini inanguruma, kondakta anagonga bodi, na spika za gari zimefunguliwa mpaka viti vinatetemeka. Kijana wa pembeni yako ana iafoni zisizoziba, kwa hivyo kelele zote hizo zinaingia, naye anaongeza sauti ya simu ili azishinde. Wewe uliye kando unausikia wimbo wake neno kwa neno. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo unakatika nusu, kwa hivyo kwenye desibeli 89 unabakiwa na saa 5 kwa wiki nzima. Foleni ya Nyali inaweza kuzimaliza kabla ya Ijumaa. Na uwezo wa kusikia unaoharibiwa na kelele haurudi. Raba iliyoziba vizuri inaizuia kelele yenyewe, bila betri wala programu, na unajikuta umepunguza sauti bila kuambiwa na mtu.

Ukishuka garini, toa moja. Digo Road ina tuktuk na bodaboda zinazotokea pande zote, na huko kuziba masikio yote mawili ni hatari. Kivukoni Likoni vilevile.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Mwaka jana nilinunua iafoni kwenye meza moja karibu na Mwembe Tayari, nikamuuliza kijana raba nyingine ziko wapi. "Hizo huwa tunazitoa, kaka, hakuna anayezitumia." Niliumia kweli. Kile kifuko ni nusu ya bidhaa. Ningependa kuona kila meza ya iafoni ikiwa na raba za saizi tatu za kujaribia, chupa ya spiriti na pamba ya kuzifuta baada ya kila mteja. Duka la viatu halimuuzii mtu saizi 8 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu ya rafu.

Zipo pia za sponji. Unaifinya kwa vidole, unaitia, unaishikilia kama nusu dakika mpaka ivimbe na kujaza tundu. Kwa kuziba, sponji inaweza kulikubali hata sikio ambalo raba zote zimelishinda. Lakini kwa hali ya hewa yetu, hasa wakati wa kaskazi, sponji inakunywa jasho, inachafuka na kulegea haraka. Miezi hiyo mimi narudi kwenye silikoni, ambayo naivua, naiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, naikausha kabisa, naivisha tena.

Na upande mmoja ukififia, usikimbilie dukani. Angalia wavu mdogo ulio kwenye mdomo wa iafoni, aghlabu umeshikwa na nta ya sikio. Uelekeze chini, usugue kwa mswaki mkavu laini. Sikio lenyewe usilichokonoe kwa kijiti cha pamba, kinaisukuma nta ndani zaidi. Ikiwa bado imefifia, badilisha pande: iliyo kulia itie kushoto. Ufifio ukihama nayo, iafoni ndiyo yenye ugonjwa. Ukibaki kwenye sikio lile lile, tatizo ni raba kutoliziba sikio hilo, au ni wakati wa daktari kuliangalia sikio.

Ami, siku ile, baada ya raba kubwa kukaa, hakusema kitu. Alifumba macho. Kahawa ilipoa mkononi mwake. Wimbo ulipokwisha alinyoosha mkono na kuniashiria niurudishe mwanzo, na nilipotaka kumwuliza kama sasa besi inatosha alinikataza kwa kidole. Sasa hivi ananidai jozi nyingine, maana ya kulia imeanza kulegea.