Ozoni: gesi moja, kesi mbili

Muulize yeyote aliyepita shuleni ozoni ni nini, atakujibu kuwa ni tabaka linalotukinga na jua. Hajakosea, ila jibu hilo limetawala mpaka upande wa pili umesahaulika. Ndiyo maana kuna mashine zinazouzwa kwa sifa ya kumwaga ozoni ndani ya nyumba eti "kusafisha hewa". Kiwango cha ozoni kinachoweza kuua vijidudu hewani kinaumiza pia mapafu ya aliyeinunua mashine.

Molekuli ya ozoni ina atomi 3 za oksijeni, na moja hubanduka upesi na kuvamia chochote kilicho jirani. Tabia hiyo ni ileile popote gesi ilipo. Tofauti ni nani anaishi karibu nayo.

Huko juu, kuanzia kilomita 15 hivi kwenda 35, hakuna anayeivuta. Takriban asilimia 90 ya ozoni yote iko huko kwenye stratosfia, yaani tabaka la juu la angahewa, lakini ni kidogo mno: ingeshushwa na kugandamizwa kwa kanieneo ya usawa wa bahari, unene wake ungekuwa kama milimita 3. Hizo ndizo zinazozuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno iletayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, zinaitafuna. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kupungua kwake kwa kutisha juu ya Antaktika, na 1987 ikatiwa saini Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuachana na gesi hizo. Tabaka sasa linapona polepole. Juu ya Antaktika linatarajiwa kurudi katika hali ya 1980 kwenye miaka ya 2060.

Ozoni ya chini ni kesi ngumu zaidi, maana karibu yote haitoki kwenye bomba lolote. Hujitengeneza hewani pale oksidi za nitrojeni kutoka kwenye magari na mitambo ya umeme zinapokutana na mvuke wa petroli, rangi na viyeyusho chini ya jua kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa ukungu mchafu wa jiji la Los Angeles, Marekani, ulitokana na mchakato huo. Wapimaji wa enzi hizo walikuwa wakipinda vipande vya mpira, wanaviacha hewani, kisha wanakagua mipasuko: ozoni hukata mpira uliovutwa. Kwenye mapafu huchochea uvimbe na kuamsha pumu. Kwenye mimea hupenya vitundu vya majani, na mavuno ya ngano na soya hushuka.

Wapo wanaosema basi turudie ya Montreal. Sikubaliani nao kirahisi. Klorofluorokaboni zilikuwa na watengenezaji wachache, na mbadala ulipatikana. Ozoni ya chini haina kiwanda cha kufunga. Tena ina vituko: moshi mbichi wa magari huimeza, kwa hiyo kando ya barabara inaweza kuwa chache kuliko vijijini upepo unakoelekea. Los Angeles imewahi kurekodi ozoni nyingi zaidi wikendi, malori yakiwa machache. Kupunguza oksidi za nitrojeni peke yake, bila kugusa mivuke ile mingine, huweza kuongeza tatizo katikati ya jiji kwa muda.

Wala ziada ya chini haiwezi kuziba pengo la juu. Huvunjika ndani ya saa, siku au wiki chache, kabla ya kufika huko. Na ikiwa bado chini, ni gesi joto yenye nguvu, yaani hunasa joto na kuipasha dunia.

Kwa maoni yangu, hatua yenye faida ya uhakika ni kubana metani inayovuja kwenye visima vya gesi na madampo ya taka. Yenyewe inapasha dunia joto, na ikimeng'enywa hewani huzalisha ozoni hata mbali na miji. Metani hudumu hewani takriban muongo mmoja, hivyo nafuu yake ingeonekana kabla Antaktika haijapona.