Kikundi cha wanafunzi wa sheria ya jinai kianzie kwenye hati ya mashtaka

Hapa Zanzibar, vikundi vya wanafunzi wa sheria wanaopenda kesi za jinai vina mtindo wao: huchagua mwenyekiti, hushona fulana, kisha husubiri mgeni wa heshima aje kuzungumza. Fulana hazina ubaya. Ila kwa mtindo huo mtu hajifunzi kushtaki wala kutetea.

Bora waanze na hati ya mashtaka. Watu sita, tukio moja la kubuni, tuseme wizi wa mashine ya boti Mkokotoni. Kila mmoja aandike hati yake kwa nusu saa: kosa na kifungu chake, kisha maelezo: nani, lini, wapi, kafanya nini, mali ya nani. Halafu wabadilishane wakosoane. Hapo ndipo aibu zinapotoka, maana wapo watakaonukuu Sura ya 16, yaani Kanuni ya Adhabu. Hiyo ni ya Bara! Kwetu makosa mengi yamo katika Sheria ya Adhabu Nam. 6 ya 2018, mwenendo wa jinai uko katika Nam. 7 ya mwaka huohuo, na ushahidi katika Nam. 9 ya 2016. Na Bara tunakutana juu, Mahakama ya Rufani.

Hati ikikaa sawa, tukio lilelile liingie mahakama ya kuigiza. Mashahidi wasipewe maneno ya kukariri. Wape mambo matano tu waliyoyaona, mengine waseme hawajui. Mwendesha mashtaka akimuuliza shahidi wake, "Ulimuona mshtakiwa akibeba mashine, sivyo?", upande wa utetezi usimame papo hapo, kwani jibu limeshatiwa ndani ya swali. Mwenye mali ataje kwanza alama ya mashine yake, mkwaruzo au namba, ndipo aoneshwe. Akioneshwa mwanzo, utambuzi huo hauna uzito. Waraka nao hausomwi mpaka upokelewe kuwa kielelezo. Kosa hili hata mawakili wazoefu hulifanya.

Mahakamani waende wawili wawili, Unguja au Chake Chake, simu zimezimwa. Waandike namba ya kesi, hatua iliyofikia, na ikiahirishwa, sababu yake. Safu hiyo ya sababu ina faida kuliko hotuba kumi za wageni: shahidi hakuja, upelelezi haujakamilika, wakili ana udhuru. Kesi za watoto wasiingie. Husikilizwa faragha, na daftari la mwanafunzi halina kazi humo.