Acheni kuwauliza "ulibonyeza nini?"

Simu ya mtu mzima ikianza kumwaga matangazo, swali la kwanza kutoka kwetu vijana wa familia ni hilohilo: "Ulibonyeza nini?" Wiki iliyopita binamu yangu alimuuliza mama mdogo mbele ya watu, kwa sauti ile ya kumkaripia mtoto, na hasira niliyopata haijaisha.

Mama mdogo ni wakala wa pesa. Simu ndiyo duka lake. Mteja amesimama dirishani, yeye anaingiza namba, na kabla hajafika kwenye kiasi kioo chote kinafunikwa na tangazo la kubeti. Akilifunga, linakuja la pili. Mteja anaondoka, bando nalo linayeyuka.

Alipata wapi balaa hilo? Alikuwa anasoma habari. Ukajitokeza ukurasa mwekundu unaoitaja simu yake kwa aina na toleo, ukisema imeharibiwa kwa asilimia 28.1 na virusi vinne, na asipoisafisha sasa hivi laini itaharibika na majina yote yatapotea. Akafanya kile tunachomsisitizia kila siku, kwamba asipuuze onyo. Akaweka programu yenye ngao ya kijani. "Mwanangu, si niliambiwa ina virusi? Nikaona nisizembee," aliniambia. Na ngao hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inaleta matangazo.

Aliyenaswa hapo ni mwangalifu. Mzembe angeufunga ukurasa ule akaendelea na mambo yake, na simu yake ingebaki salama. Wezi hawa wanamvizia mtu anayejali, anayeogopa kupoteza pesa za wateja, kisha sisi wa nyumbani tunamaliza kazi yao kwa kumwaibisha. Mara nyingine hatasema kitu. Atakaa na simu mbovu miezi mitatu kuliko kuulizwa tena swali lile.

Badala ya kuwauliza, tuwaambie jambo moja na tulirudie mpaka likae: ukurasa wa intaneti hauwezi kukagua simu yako. Hauna njia ya kufanya hivyo. Aina ya simu ukurasa huijua kwa sababu kivinjari huweza kuitaja chenyewe tovuti ikiiuliza. Ile asilimia na idadi ya virusi vimeandikwa tangu mwanzo, na mtu wa Tabora na wa Manila wanaonyeshwa vilevile.

Hata programu yenyewe ukishaiweka, Android hutenga kila programu na nyingine, kwa hiyo "kisafishaji" kwa kawaida hakiwezi kuingia ndani ya programu ya benki kukagua mafaili yake. Mwaka 2014 programu ya kuzuia virusi iliyoitwa Virus Shield iliuzwa kwenye Play Store kwa dola 3.99 na kununuliwa zaidi ya mara 10,000. Kazi yake yote ilikuwa kubadilisha alama ya X kuwa tiki ukiigusa. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilipima programu 250 za kuzuia virusi kwenye Android, na 80 tu ndizo zilizonasa angalau asilimia 30 ya programu hatari zilizowekewa. Baadhi zilibeba tu orodha ya majina ya programu za kuaminika, na chochote kisichokuwemo kiliitwa hatari. Mwaka 2022 ikagundulika kwamba baadhi ya zilizojiita za kuzuia virusi hukohuko Play Store zilibeba SharkBot, programu hatari inayotumia ruhusa unazoipa kwa kudanganywa ili iibe taarifa za kuingilia benki. Mfikirie wakala akiweka hiyo.

Nakubali, kampuni za kweli zipo, na Play Protect, ulinzi wa Google wa kukagua programu kwenye simu za Android, husaidia. Kwa mama mdogo haikusaidia.

Fundi alishamwambia simu iflashiwe, alipie, na picha za harusi ya binti yake ziende. Hazikwenda. Tangazo lilipotokea sikulifunga, nilibonyeza kitufe cha programu zilizo wazi ili nimwone mwenye nalo. Ikaonekana ikoni tupu isiyo na jina, maana programu hizi hujificha. Basi nikashikilia kitufe cha kuzima, na maneno ya kuzima yalipotokea nikayakandamiza kwa kidole mpaka simu ikauliza kama nataka iwake katika hali salama. Huko programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi. Matangazo yakakoma kabisa, nikajua mchawi yumo kati ya alizoweka.

Kwenye Mipangilio nikatafuta zenye ruhusa ya kujitokeza juu ya programu nyingine. Ile ya ngao ilikuwemo, lakini kitufe cha kuiondoa kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki, kwa sababu ilikuwa imejifanya msimamizi wa kifaa. Ruhusa hiyo ya usimamizi hunyang'anywa kwanza, upande wa usalama, ndipo programu inatoka. Na usiishie hapo. Ndani ya Chrome, kwenye arifa za tovuti, kulikuwa na tovuti iliyoruhusiwa kumtumia "maonyo". Ukiiacha hiyo, kesho atarudishwa palepale.

Hasira yangu iliyobaki ni kwenu wenye tovuti za habari za Kiswahili. Ukurasa ule mwekundu haukushuka kutoka mbinguni, ulipita kwenye nafasi mliyoiuza, na kila anayeutazama anawaingizia senti. Msiniambie hamjui, maana wasomaji wanalalamika kwenye maoni chini ya habari zenu. Mitandao mingi ya matangazo humpa mwenye tovuti uwezo wa kuzuia aina fulani za matangazo. Ingieni muyazuie, na kama mtandao wenu hauna uwezo huo, vunjeni mkataba nao mtafute mwingine.